Umilisi au Upokezi? Istilahi za Kiswahili na Utayarishaji wa Bakteria Kupokea DNA Ngeni



1. Utangulizi

Katika mwaka 1965 neno moja la Kiingereza, competence, lilibeba mizigo miwili katika taaluma mbili zisizosomana. Noam Chomsky alichapisha kitabu chake Aspects of the Theory of Syntax, ambamo alitenga ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji na matumizi ya ujuzi huo katika usemi wa kila siku. Ule ujuzi wa ndani ndio aliouita competence. Mwaka huohuo Alexander Tomasz alichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu bakteria wa nimonia na hali inayowawezesha kupokea DNA iliyotoka nje ya miili yao. Hali hiyo nayo iliitwa kwa neno lilelile, ambalo wanabiolojia walikuwa wamekwisha kulizoea.

Wanaisimu wa Kiswahili walimpatia mgeni wa kwanza jina. Dhana ya Chomsky iliitwa umilisi, na mwenzake, yaani matumizi ya lugha, akaitwa utendi. Istilahi hizo zimekita mizizi, na hakuna mwanafunzi wa isimu leo anayezishangaa. Mgeni wa pili bado yuko barazani. Mwanafunzi anayetaka kueleza kwa Kiswahili kazi ya kuwatayarisha bakteria maabarani hana budi ama kulitamka neno la Kiingereza lilivyo, ama kuazima umilisi kutoka kwa jirani.

Mhadhara huu unadai kwamba kuazima huko ni kosa, na kwamba kosa lenyewe halionekani mpaka kazi ya maabara ieleweke. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida wa mijadala ya istilahi, yaani kuweka neno la kigeni upande mmoja na kulitafutia linganifu upande wa pili, utapinduliwa hapa. Kwanza litaelezwa tendo lenyewe, kwa Kiswahili na kwa hatua zake zote. Jina litafuata baadaye. Anayejua kinachotendwa kwa seli ile ndiye anayeweza kuipa jina litakalomwongoza mwanafunzi badala ya kumpoteza.

2. Chimbuko la ugunduzi

Mwaka 1928 Frederick Griffith, tabibu Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya serikali jijini London, alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae. Bakteria hao wana sura mbili. Wa kwanza wamevikwa gamba la sukari na koloni zao huonekana laini na zenye kung'aa. Hao huua panya. Wa pili hawana gamba, koloni zao zina mparuzo, na panya huwashinda kwa urahisi. Griffith aliwaua wale wenye gamba kwa joto, akawachanganya na wasio na gamba waliokuwa hai, kisha akawadunga panya mchanganyiko huo. Panya walikufa, na damuni mwao wakapatikana bakteria hai wenye gamba. Wafu walikuwa wamewarithisha walio hai kitu fulani, na watoto na wajukuu wa walio hai waliendelea kuwa nacho.

Kitu hicho kilikuwa nini? Jibu lilichukua miaka 16. Mwaka 1944 Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walionyesha kwamba kilichohama ni DNA. Walisafisha dondoo la bakteria wafu hatua baada ya hatua. Vimeng'enya vya kuvunja protini havikuuondoa uwezo wa dondoo lile wa kuwageuza wengine, lakini vile vya kuvunja DNA viliuondoa kabisa.

Jambo moja katika hadithi hiyo husahauliwa. Bakteria wa nimonia hawahitaji kusaidiwa na mtu. Hufikia wenyewe hali ya kupokea, kwa muda mfupi, wakati idadi yao inapokuwa imeongezeka. Tomasz ndiye aliyeonyesha mwaka 1965 kwamba bakteria hao hutoa nje kitu kinachofanya kazi mfano wa homoni: chembe moja huwaashiria wenzake, nao hujiweka tayari kwa pamoja. Baada ya muda hali hiyo hupita.

Escherichia coli, bakteria anayeishi katika utumbo wa binadamu na wanyama, hana desturi hiyo katika mazingira ya kawaida ya maabara. Ukimmwagia DNA safi, ataiacha ielee. Hilo lilikuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa yeye ndiye bakteria aliyekuwa akijulikana kuliko wote. Mwaka 1970 Morton Mandel na Akiko Higa wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba seli za E. coli zikitiwa katika myeyuko baridi wa kloridi ya kalsiamu huweza kupokea DNA ya virusi vya bakteria. Mwaka 1972 Stanley Cohen, Annie Chang na Leslie Hsu wa Chuo Kikuu cha Stanford walithibitisha kwamba njia hiyo inafaa pia kwa plazimidi, yaani vipete vidogo vya DNA vinavyoishi ndani ya bakteria nje ya kromosomu yake. Mwaka uliofuata Cohen na Chang, pamoja na Herbert Boyer na Robert Helling, walitumia njia hiyo kuingiza ndani ya E. coli plazimidi iliyounganishwa kwa mikono ya binadamu.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria wa aina hiyo iliidhinishwa nchini Marekani, ikawa dawa ya kwanza ya teknolojia hiyo kuruhusiwa kutumiwa na wagonjwa. Hadi wakati huo wagonjwa wa kisukari walikuwa wakitegemea insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mgonjwa anayejidunga insulini ya namna hiyo leo, awe Tanga, Mombasa au Bujumbura, ananufaika na seli ambayo wakati fulani iliwekwa katika chumvi na barafu ili ipokee kisichokuwa chake.

3. Kazi mezani

Utayarishaji wa bakteria hao ni kazi ya siku moja hivi, na vifaa vyake si vingi. Ugumu wake uko katika uangalifu.

Kwanza, koloni moja ya E. coli huchotwa na kukuzwa usiku kucha katika mchuzi wa chakula kwa nyuzijoto 37. Asubuhi sehemu ndogo ya mchuzi huo hutiwa katika mchuzi mpya, kwa kawaida sehemu 1 kwa 100, na chupa hutikiswa ili hewa iingie. Mtayarishaji huupima kila baada ya muda kwa kifaa kinachoonyesha kiasi cha mwanga unaozuiliwa. Kipimo kinapofika kati ya 0.3 na 0.4 kwa mwanga wa nanomita 600, kazi ya kukuza husimamishwa. Huo ndio wakati bakteria wanapogawanyika kwa kasi. Waliochelewa, yaani waliokwisha kujaa chupani na kupunguza mwendo, hawafai: wapo wengi, lakini hupokea kwa shida.

Pili, chupa hutumbukizwa katika barafu. Tangu hapo hadi mwisho wa utayarishaji, seli haziruhusiwi kupata joto. Mirija, myeyuko na mashine ya kuzungushia huwa vimepozwa mapema. Seli huzungushwa hadi zitulie chini, mchuzi humwagwa, na mahali pake hutiwa myeyuko wa kloridi ya kalsiamu wa milimola 100 kwa lita. Seli hukorogwa taratibu, kama mtu anayeosha mchele asiotaka uvunjike. Huachwa barafuni kwa nusu saa hivi, huzungushwa tena, na hurudishwa katika myeyuko uleule, safari hii mchache zaidi. Waliochunguza jambo hili, M. Dagert na S. D. Ehrlich, walionyesha mwaka 1979 kwamba seli zikilazwa katika kalsiamu kwenye baridi kwa saa 12 hadi 24 hupokea vizuri zaidi. Zikizidishiwa muda, faida hiyo hupotea. Zikihitajika siku nyingine, hutiwa gliseroli ili barafu isizipasue, hugawanywa katika mirija midogo na kugandishwa kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri.

Tatu huja siku ya kupokea. Mrija huyeyushwa juu ya barafu. DNA kidogo, pengine nanogramu 1, hutiwa ndani, na mchanganyiko hukaa barafuni kwa nusu saa. Kisha mrija hutiwa ghafla katika maji ya nyuzijoto 42 kwa sekunde 30 hadi 90, ukarudishwa barafuni. Tendo hili huitwa mshtuko wa joto. Baada ya hapo seli hupewa mchuzi wenye virutubishi na kupumzishwa kwa saa moja katika nyuzijoto 37.

Kwa nini chumvi, kwa nini baridi, kwa nini mshtuko? DNA ina chaji hasi katika uti wake wote, na uso wa bakteria nao una chaji hasi. Vitu viwili vya namna hiyo husukumana. Kalsiamu yenye chaji chanya hukaa katikati na kupunguza msukumano, hivyo DNA huweza kuusogelea ukuta. Baridi huufanya utando wa seli kuwa mgumu, na badiliko la ghafla la joto huuvuruga. Namna hasa DNA inavyopenya tando mbili za E. coli ni suala ambalo wataalamu wangali wakilijadili, ijapokuwa njia yenyewe imetumika kwa zaidi ya miaka 50.

Makosa ya kazi hii yanafahamika vyema. Seli zilizoachwa mezani zikapata joto hupoteza utayari wao. Seli zilizopulizwa kwa nguvu katika pipeti huvunjika. Seli zilizogandishwa, zikayeyuka, zikagandishwa tena hazirudi kuwa kama zamani. Chupa iliyooshwa kwa sabuni isiyosuuzwa vizuri huharibu kazi yote bila kuonyesha dalili. Katika kila kosa seli bado ni E. coli yuleyule mwenye jeni zilezile. Alichopoteza ni hali tu.

4. Mgeni na mwenyeji

DNA inayoingizwa huitwa ngeni, na seli inayoipokea huitwa mwenyeji. Maneno hayo mawili yameshazoeleka katika maandishi ya Kiswahili ya afya na biolojia, na yana bahati ya kukuta methali iliyowatangulia wanasayansi: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika maabara methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Plazimidi huchaguliwa ikiwa na jeni ya kuipa seli usugu dhidi ya dawa, mara nyingi ampisilini. Saa moja ya mapumziko baada ya mshtuko ni muda wa seli kuinukuu jeni hiyo na kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa. Kisha seli hutandazwa juu ya kisahani cha agari iliyochanganywa na ampisilini na kuachwa usiku kucha. Asiyempokea mgeni hafiki asubuhi. Aliyempokea hugawanyika na kuwa koloni inayoonekana kwa macho.

Wenyeji waliopona ni wachache mno, na hesabu yao inafaa kufanywa. Chukua nanogramu 1 ya plazimidi, yaani mikrogramu 0.001, iliyotiwa katika seli ambazo mwishowe zilikuwa katika mililita 1 ya mchuzi. Ikiwa mililita 0.1 tu ilitandazwa na koloni 150 zikaota, mchuzi wote ungetoa koloni 1,500. Kwa mikrogramu nzima ya DNA hesabu hiyo ni koloni milioni 1.5. Kiasi hicho ni cha kuridhisha kwa kazi za kawaida. Mwaka 1983 Douglas Hanahan alichapisha uchunguzi mpana wa vyumvi na masharti mengine ya utayarishaji, na kwa mbinu zake idadi hiyo ilipita milioni 100.

Idadi hizo husikika kubwa mpaka zilinganishwe na wageni waliobisha hodi. Mikrogramu 1 ya plazimidi yenye jozi 3,000 za besi ina molekyuli zipatazo bilioni 300. Hata kwa seli zinazotoa koloni milioni 100, ni molekyuli moja tu katika kila 3,000 iliyopata mwenyeji. Kwa seli za mfano uliotangulia, ni moja katika 200,000. Kupokea ni jambo adimu hata pale mlango ulipofunguliwa kwa makusudi. Ndiyo maana kila mtafiti makini huweka visahani vya kulinganishia: kimoja chenye dawa na seli zisizopewa DNA, ambacho hakipaswi kuota kitu, na kingine kisicho na dawa, kinachoonyesha kwamba seli zilikuwa hai. Bila visahani hivyo, kisahani kitupu hakisemi chochote: huenda DNA ilikuwa mbovu, huenda seli hazikuwa tayari, huenda zilikuwa zimekufa.

Kisahani kikiachwa siku nyingi, koloni ndogondogo huanza kujitokeza kandokando ya ile kubwa. Hizo si wenyeji wa plazimidi. Kimeng'enya kinachotoka katika koloni kubwa kimeivunja dawa iliyo karibu, na majirani wasiopokea kitu wanaishi katika kivuli chake. Mwanafunzi anayezichota hizo kwa kudhani amepata alichotafuta hupoteza juma zima.

5. Jina la hali hiyo

Sasa swali la istilahi linaweza kuulizwa mahali panapostahili. Seli iliyotoka katika chumvi na barafu ina nini ambacho haikuwa nacho asubuhi?

Haina ujuzi. Msemaji mzawa wa Kiswahili ana umilisi wa lugha yake awapo macho na awapo usingizini, apandapo mlima na augulapo homa. Akikosea kwa uchovu, wanaisimu husema kilichoyumba ni utendi, umilisi ukabaki palepale. Seli ya E. coli iliyotayarishwa ni kinyume cha hayo. Uwezo wake umetiwa kutoka nje, hudumu kwa masharti, na huondoka mrija ukipata joto. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba seli hii ina umilisi ana kila sababu ya kuamini kwamba haidhuriki kwa kuachwa mezani. Hapo neno si pambo tena. Limekuwa maagizo ya kazi, na maagizo yenyewe si sahihi.

Maneno mengine yaliyo karibu nayo hayatoshi. Umahiri ni neno la mitaala ya Tanzania, na Kenya nayo imelitumia neno umilisi kwa maana iyo hiyo ya elimu: yote mawili humwelekea mtu aliyejifunza akaweza. Uwezo ni pana kupita kiasi, kwa kuwa seli ina uwezo wa kula, wa kugawanyika na wa kustahimili. Kulikopa neno la Kiingereza kwa kulitia irabu kungewezekana, kama ilivyofanyika kwa plazimidi. Hata hivyo, plazimidi ni kitu, na kitu kigeni chaweza kuja na jina lake. Hali ambayo Kiswahili kina kitenzi chake haina sababu ya kuja na jina la mbali.

Kitenzi hicho ni pokea. Kutokana nacho hupatikana upokezi, na kwa seli yenyewe, seli pokezi. Umbo hili si geni kwa wanaisimu: ndilo lililotumika kupata sarufi zalishi na kanuni geuzi. Linaruhusu pia kutofautisha upokezi wa asili, kama ule wa bakteria wa nimonia, na upokezi wa kutengenezwa, kama ule wa E. coli katika kalsiamu. Tofauti hiyo ni ya msingi katika taaluma, na umilisi hauwezi kuibeba.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba upokezi tayari ni mali ya wahakiki wa fasihi, wanaolitumia kwa nadharia inayochunguza jinsi wasomaji wanavyoipokea kazi ya sanaa. Lakini maana hizo hazigombani. Kwa mhakiki na kwa mwanabiolojia pia, neno linauliza swali moja: mpokeaji alikuwa katika hali gani kilipomfikia kilichotoka nje?

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba neno moja la Kiingereza likigawanywa kuwa mawili katika Kiswahili, wanafunzi watachanganyikiwa. Mazoea ya lugha yenyewe yanajibu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kile kinachozuia umeme katika waya na kile kinachomwezesha kimelea kuishi penye dawa. Kiswahili husema ukinzani kwa umeme na usugu kwa vimelea, na hakuna mwanafunzi aliyepotea kwa sababu hiyo. Kinyume chake, anayesikia usugu hufahamu mara moja kwamba kimelea kimezoea kisichopaswa kuzoeleka.

Hapa ndipo kanuni ya jumla inapojitokeza. Si kila neno linaloshirikiwa na isimu na biolojia katika Kiingereza litenganishwe. Wanabiolojia walipoziita hatua mbili za kutoka jeni hadi protini unukuzi na tafsiri, waliazima picha ya lugha kwa makusudi: kwanza nakala katika mwandiko wa aina ileile, kisha maana hiyohiyo katika lugha nyingine. Kiswahili kinaweza kuazima vivyo hivyo kutoka kwa isimu bila hasara. Ugeuzi nao wafaa pande zote mbili, kwani muundo wa sentensi hugeuzwa kuwa mwingine, na bakteria wa Griffith waligeuzwa kuwa wa aina nyingine. Panaposhirikiwa dhana, neno na lishirikiwe. Panaposhirikiwa herufi za Kiingereza tu, Kiswahili hakiwajibiki kuzifuata.

Sarufi nayo ina la kusema. Virusi, neno lililoingia na vi- ya asili yake ya kigeni, lilisomwa na wasemaji kama wingi wa ngeli ya ki-/vi-, na hivyo likazaliwa kirusi kwa umoja. Bakteria halikupata bahati hiyo. Wengine husema bakteria hawa, wengine bakteria hizi. Katika mhadhara huu wamehesabiwa miongoni mwa viumbe wenye uhai, wakapewa upatanisho wa a-/wa-, na seli ikaachwa katika i-/zi-. Neno DNA lenyewe lina majirani wasiolingana: Tanzania hupenda vinasaba, ambalo laweza kumaanisha DNA au jeni kwa jumla, na magazeti ya Kenya yamekuwa yakitumia msimbojeni. Kwa mahitaji ya maabara, ambapo DNA ni kemikali inayopimwa kwa nanogramu na jeni ni sehemu yake tu, kifupisho cha kimataifa kinaepusha utata.

6. Hitimisho

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwaka huohuo Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Kuchapishwa kwa pamoja kwa kamusi hizo mbili kulikuwa ishara njema: sayansi na isimu zingeweza kukaa meza moja. Suala la umilisi na upokezi linaonyesha kwamba mazungumzo hayo hayajaisha. Mwanaisimu peke yake angechagua neno alilolizoea. Mwanabiolojia peke yake, aliyesomeshwa sekondari na chuoni kwa Kiingereza, angeacha neno la kigeni lilivyo.

Anayeumia kati yao ni mwanafunzi. Nchini Tanzania, kwa miongo mingi, mtoto wa shule ya msingi ya serikali amefundishwa sayansi kwa Kiswahili, kisha akavuka mlango wa sekondari na kuyaacha maneno yake nje. Anapofika maabara ya chuo kikuu huambiwa aweke mirija barafuni, naye huiweka. Asipoambiwa kwa nini, siku barafu itakapoyeyuka hatajua alichopoteza. Akiwa na neno linalosema kwamba seli ile imeandaliwa kupokea, na kwamba maandalizi yana muda wake, ataona mwenyewe haja ya kuharakisha.

Lugha pia hupokea. Imepokea kutoka Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na haikupokea kila kilichobisha hodi. Kazi ya wasomi wa Kiswahili ni kuiweka lugha hiyo katika hali ya kupokea sayansi, kwa uangalifu na kwa wakati wake. Hali hiyo nayo hudumu kwa masharti: ikiachwa mezani, hupotea.